ELIMU YA AFYA: MATUMIZI YA MUDA MREFU YA DAWA ZA MSOKOTO WA TUMBO

Msuli wa utumbo mpana hujikaza kwa amri ya mishipa ya fahamu. Mishipa hiyo hutoa kemikali iitwayo asetilikolini, nayo hushika vipokezi vya seli za msuli. Kalsiamu huongezeka ndani ya seli, na msuli hujikunja. Dawa ya hayosini huziba vipokezi hivyo, na msokoto hutulia.

Hata hivyo, vipokezi vikizibwa kwa muda mrefu, seli huweza kuongeza vingine. Choo nacho huweza kuwa kigumu, na maradhi yaliyoleta maumivu yakaendelea kwa siri.

Kwa hivyo, mwananchi anayeihitaji dawa hiyo kila mara anashauriwa amwone daktari. Mwenye damu katika choo, au apunguaye uzito bila ya sababu, asingoje.