SOMO: KUANDAA SLAIDI ZA MKUTANO KWA MAANDISHI MATUPU



Haki isiyojulikana haidaiwi. Tuseme mwenzetu wa kiwandani Mbarara analipwa Sh. 2,000 kwa saa. Amefanya saa 4 za ziada siku ya kawaida, akapewa Sh. 8,000. Je, amelipwa sawasawa? Hapana. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inataka saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, na za sikukuu mara mbili. Alistahili Sh. 12,000.

Hesabu hii ionyeshwe ukutani, kwa Kiswahili, ili mwenyeji wa Mbarara na mwenzake mkimbizi anayeishi Nakivale, awe ametoka Kongo, Burundi au Somalia, waelewe pamoja. Kazi hiyo haihitaji programu ya kununua.

Kwanza: Andika maneno yako katika faili ya maandishi matupu, hata kwa simu. Alama ni mbili tu. Alama ya reli huanzisha slaidi mpya na kichwa chake. Kistari huanzisha hoja. Hivi:

# Saa za ziada
- Siku ya kawaida: mara moja na nusu
- Sikukuu: mara mbili

# Mfano
- Saa 4 kwa Sh. 2,000
- Malipo: Sh. 12,000

Pili: Acha nafasi baada ya kila alama, na mstari mtupu juu ya kila kichwa. Ukisahau, kichwa kitamezwa na maneno ya juu yake.

Tatu: Ihifadhi faili kwa jina somo.md. Kwenye kompyuta yenye Pandoc, programu ya bure iliyoanzishwa na John MacFarlane mwaka 2006, andika amri hii:

pandoc somo.md -o somo.pptx

Slaidi zimekwisha.

Faida yake ni nini? Faili ya maandishi ni ndogo, hutumwa kwa simu kwa gharama kidogo. Mwenzako wa Nakivale akiona kosa, hurekebisha mstari mmoja na kuirudisha. Wewe hurudia amri ileile. Hivyo somo linakuwa mali ya wanachama wote, si la katibu peke yake.

ZOEZI: Sheria hiyo imeweka saa 48 za kazi kwa wiki. Andikeni slaidi moja yenye hoja tatu kuhusu saa zenu, kisha mlinganishe na karatasi zenu za mishahara.