Kutafuta Moyoni Ni Shule ya Kiongozi

Kila jioni, familia ya Kikristu inapopiga magoti kusali, hufika mahali ambapo anayeongoza hunyamaza, ili kila mmoja atafute moyoni mwake makosa ya siku ile kabla ya kusema sala ya kutubu. Katika nyumba nyingi kimya hicho hudumu kadiri ya mtu kukohoa mara moja. Watoto wanasinzia, mama anawaza chungu alichokiacha motoni, baba naye hataki kukawia. Basi sala zinaendelea. Leo twataka kusema habari za kimya hicho kifupi, maana twaamini ya kwamba hapo ndipo mzazi, katekista, mwalimu, mwenyekiti wa jumuiya, na kila aliyekabidhiwa watu, hujifunza kazi yake au hukosa kujifunza.

Wazee wetu husema: kuishi kwingi ni kuona mengi. Neno hili ni la kweli, lakini wengi hulishika nusu. Kuona mengi si kujifunza mengi. Twawajua watu waliofiwa, waliofilisika, walioongoza kigango miaka 20, na hata leo wanawakemea wenzao kwa maneno yale yale waliyoanza nayo, kisha wanashangaa kwa nini watu wanawakimbia. Mambo yaliwapata, lakini hawakukaa nayo chini na kuyauliza maana yake.

Mfano wetu ni Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Tumemchagua kwa sababu yeye mwenyewe, akiwa mtu mzima na mkuu wa shirika, alimsimulia padre mwenzake Luís Gonçalves da Câmara habari za maisha yake, kati ya miaka 1553 na 1555. Hakujipamba. Alianza kwa kukiri ya kuwa ujana wake aliutumia katika mambo ya upuuzi na tamaa ya sifa.

Alizaliwa mwaka 1491 hivi, katika nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania, akalelewa katika nyumba za wakubwa. Tarehe 20 Mei 1521 alikuwa ndani ya ngome ya mji wa Pamplona, jeshi la Wafaransa likiwa nje. Wenzake waliona hakuna njia ila kusalimu amri. Yeye akawashawishi wapigane. Risasi ya mzinga ikamvunja mguu mmoja na kuujeruhi wa pili, na alipoanguka yeye, ngome ikasalimu. Adui walimtendea kwa heshima, wakampeleka kwao Loyola amebebwa.

Hapa tunawaomba wasomaji waangalie vizuri. Mguu uliungwa vibaya, ikabidi uvunjwe tena. Ulipopona, kipande cha mfupa kilitokeza chini ya goti, na mguu ukawa mfupi. Kijana huyu alitaka kuvaa viatu virefu vya kubana, kama walivyovaa mabwana wa siku zile. Basi akaamuru mfupa ule ukatwe, wakati dawa ya usingizi haijajulikana bado. Akavumilia kimya, amekaza ngumi. Alikuwa amelikaribia kaburi, amepata maumivu ambayo wengi wetu hatutayapata kamwe, na bado fikira yake ilikuwa ni viatu! Nani basi atatuambia ya kwamba mateso peke yake humfanya mtu kuwa na hekima?

Mabadiliko yalikuja kwa njia nyingine, ndogo kabisa. Akiwa kitandani aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa, nyumbani havikuwamo. Akapewa Maisha ya Kristu na habari za Watakatifu. Akawa anasoma, kisha anawaza. Mara aliwaza kwa saa nyingi juu ya bibi mmoja mkubwa, jinsi atakavyomtumikia na maneno atakayomwambia. Mara aliwaza jinsi ya kufanya aliyoyafanya Mtakatifu Fransisko au Mtakatifu Dominiko. Mawazo yote mawili yalimfurahisha. Lakini siku moja akatambua tofauti: yale ya kwanza yalipokwisha, moyo ulibaki mkavu na bila kuridhika, yale ya pili yalipokwisha, furaha ilibaki. Akastaajabu, akaanza kuchungua kwa nini. Hakuna aliyemfundisha. Alitazama tu yaliyopita moyoni mwake, akauliza yametoka wapi na yanampeleka wapi. Kwa kutazama hivyo ndipo alipoanza kuwa mtu mwingine.

Msidhani ya kwamba tangu siku ile hakukosa tena. Alikosa sana, na makosa yake ya baada ya kuongoka yana faida kwetu kuliko yale ya ujanani. Mwezi Machi 1522 alifika Montserrat, mahali pa hija pa Bikira Maria. Usiku wa kuamkia sikukuu ya Kupashwa Habari alimpa maskini mmoja nguo zake za kibwana kwa siri, akajivika gunia, akakesha mbele ya altare, na upanga wake akauacha pale. Tendo zuri, nani atalilaumu? Lakini alipokuwa ameshika njia, mtu alimfuata mbio kumwuliza kama kweli amempa maskini yule nguo, maana watu walimshuku kuwa mwizi. Inyasi alijibu ndiyo, na machozi yakamtoka kwa kumhurumia. Nia yake ilikuwa safi. Hata hivyo mnyonge ndiye aliyeingia taabuni. Wangapi kati yetu tumetoa msaada, au amri, bila kufikiri aliyeupokea atapata nini kwa majirani zake!

Kosa kubwa zaidi lilikuja huko Manresa, alikokaa miezi 11 hivi. Kwa sababu zamani alipenda kujipamba, aliacha nywele na kucha zikue ovyo. Alifunga kupita kiasi. Akashikwa na wasiwasi juu ya dhambi alizokwisha kuungama, hata akajaribiwa kujitupa shimoni afe. Safari moja alikaa wiki nzima bila kula wala kunywa, mpaka padre muungamishi wake akamwamuru ale. Afya yake iliharibika, wala haikurudi vizuri maisha yake yote. Baadaye alikata nywele na kucha, akakiri ya kwamba Mungu alimtendea wakati ule kama mwalimu amtendeavyo mtoto wa shule asiyejua kitu.

Sasa tazameni matunda. Mwaka 1548, miaka 25 baadaye, Inyasi alimwandikia Fransisko Borgia, bwana mkubwa wa Gandía huko Hispania, aliyekuwa akijitesa kwa mafungo makali. Alimwambia apunguze mafungo, ale vizuri, asijipige hata kutoa damu, maana mwili nao ni wa Mungu na utatolewa hesabu. Kiongozi mwingine angalisema: mimi niliteseka, nawe uteseke vivyo hivyo. Maneno hayo twayasikia kwa wazazi wengi, na kwa walimu, na hata kwa wazee wa kanisa. Inyasi alikuwa amelitafakari teso lake mpaka akaona ni kipi ndani yake kilichotoka kwa Mungu na kipi kilichotoka kwa kiburi. Ndiyo maana hakumrithisha mwenzake.

Habari za masomo yake tutazipitia upesi. Akiwa na miaka 33 hivi alikaa Barcelona pamoja na watoto kujifunza Kilatini. Kila alipojaribu kushika maneno kwa moyo, mawazo matamu ya dini yalimjaa, somo likapotea. Akajiuliza: mbona mawazo haya hayanijii hivi nisalipo, wala katika Misa? Akatambua ni kishawishi, akaenda kwa mwalimu wake, akaahidi kuhudhuria masomo miaka miwili bila kukosa. Tunao akina baba wanaokataa kukaa darasani na vijana. Wasome habari hii.

Shirika la Yezu lilipokubaliwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1540, wenzake walimchagua Inyasi kuwa mkuu wao, mwezi Aprili 1541. Alikataa, akawaomba wapige kura tena, wakamchagua tena. Akaenda kwa padre muungamishi wake, Mfransisko, akatumia siku tatu kuungama maisha yake yote, kisha akamwachia padre yule neno la mwisho. Padre akamwambia akubali. Watu wengi wakichaguliwa huanza kwa kupokea pongezi. Yeye alianza kwa kurudia maisha yake mbele ya mtu mwingine. Alipokufa tarehe 31 Julai 1556, shirika lilikuwa na watu wapata 1,000, na wengine walikuwa wamekwisha kufika India, Japani na Brazili.

Aliwaachia njia aliyoitumia mwenyewe ya kutafuta moyoni, wanashirika wake wakiagizwa kuifuata mara mbili kila siku. Kwanza mtu amshukuru Mungu kwa mema ya siku ile. Pili aombe neema ya kuona makosa yake. Tatu aipitie siku saa kwa saa, tangu alipoamka. Nne aombe msamaha. Tano akusudie kujirekebisha. Angalieni ya kwamba shukrani imetangulia dhambi. Aliyekaribia kuzama katika wasiwasi huko Manresa alijua kwa nini. Na kwa kosa moja linalomsumbua mtu mara kwa mara, alishauri kuchora mistari kwenye karatasi, na kutia nukta kwa kila mara alipoanguka, ili alinganishe siku na siku, juma na juma. Karani wa duka hufanya vivyo hivyo kwa mifuko ya sukari.

Turudi nyumbani. Baba amemchapa mwanawe kwa daftari lililopotea. Usiku analiona daftari lile chini ya gazeti lake mwenyewe. Wakati wa sala asiishie kusema moyoni, “Nilikasirika.” Aipitie siku: hasira ilianza saa ngapi? Labda ilianza adhuhuri, alipodhulumiwa sokoni na mtu asiyeweza kumjibu, akaibeba hadi nyumbani kwa mdogo asiyeweza kujibu. Akiliona hilo, amejifunza jambo juu ya nafsi yake ambalo miaka 10 ya kuchapa haikumfundisha.

Na afanye nini kwa mtoto? Hapa tunajua ya kwamba baadhi ya wasomaji watatupinga. Husemwa kwetu ya kuwa baba akimwomba mwanawe msamaha amejivua heshima. Sisi twaona sivyo. Mtoto alikwisha kujua baba amekosa. Hajui tu kama baba naye anajua. Basi amwite, na ikiwa alimchapa mbele ya ndugu zake, amwambie mbele yao: “Mwanangu, nilikuonea. Nisamehe.” Maneno haya ni mafupi kuliko hotuba yoyote juu ya kweli, na mtoto atayakumbuka siku atakapokuwa yeye mwenyekiti, au padre, au baba.

Kwa kuanza, anayeongoza sala ya jioni aseme Baba Yetu moja polepole ndani ya moyo wake kabla ya kuendelea. Muda huo watosha kwa juma la kwanza. Juma la pili aongeze Salamu Maria tatu. Watoto wadogo wakisinzia, waacheni wasinzie.