Usingizi wa Matunguu ya Maua: Somo na Jaribio kwa Shule za Kyela

Vitabu vingi vya bustani vilivyoandikwa Ulaya hufundisha namna ya kupata maua ndani ya nyumba wakati wa majira ya baridi. Msomaji huagizwa apande matunguu ya tulipu katika vyungu, ayaweke mahali penye baridi kwa wiki 12 hadi 16, kisha ayalete penye joto na mwanga. Mwanafunzi wa Kyela akiyapanda vivyo hivyo, bila baridi hiyo, hapati ua la maana. Sababu yake ni somo zuri la biolojia.

Tunguu ni nini?

Pasueni kitunguu cha jikoni kutoka juu hadi chini. Mtaona magamba manene, ambayo ni majani yaliyogeuka ghala la chakula; chini yake pana shina fupi kama kisahani; na katikati mna chipukizi. Tunguu la maua limejengwa vivyo hivyo. Katika tunguu kubwa la amarilisi, chipukizi cha ua huwa kimekwisha kuumbwa ndani kabla hakijaonekana nje. Kwa hiyo ua la msimu huu ni kazi ya majani ya msimu uliopita.

Kwa nini hulala?

Tunguu hulala ili kuvuka majira mabaya ya nchi lilikotoka. Asili ya tulipu ni milima ya Asia ya Kati, yenye baridi kali. Wakati wa baridi, wanga uliomo katika magamba hugeuka sukari, na kikonyo cha ua hujiandaa kurefuka. Baridi ikikosekana, ua hudumaa.

Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo, kaskazini ya Kyela, uko kama mita 2,600. Kwa kuwa joto hupungua takriban nyuzi 0.6 za Selsiasi kwa kila mita 100 za kupanda, Kitulo hupungukiwa joto la Kyela kwa nyuzi zipatazo 13. Ndiyo maana Kitulo huona sakitu katikati ya mwaka, na Kyela haioni.

Amarilisi, ua kubwa jekundu la bustanini, asili yake ni Amerika ya Kusini. Wakulima wa maua huipumzisha kwa kuinyima maji. Hapa ndipo Kyela inapotofautiana na Ulaya: kule chungu huingizwa ndani kukimbia baridi, kwetu yafaa kiingizwe ndani kukimbia mvua kubwa za Machi hadi Mei, ambazo hazimpi mmea nafasi ya kupumzika. Lakini je, kinachouandaa mmea ni ukavu, au ni ubaridi? Tujaribu.

Jaribio

1. Mwezi wa Januari, pandeni matunguu 12 ya amarilisi yenye upana usiopungua sentimita 6, kila moja katika kopo lililotobolewa chini. Theluthi moja ya tunguu ibaki juu ya udongo. Acheni majani yakue.

2. Katikati ya Aprili, gawanyeni makopo kwa kura katika makundi matatu ya manne manne. Kundi A libaki barazani likimwagiliwa. Kundi B liwekwe ndani, kivulini, bila maji. Kundi C lipelekwe katika shule rafiki ya Tukuyu, takriban mita 1,000 juu ya Kyela, nalo likae ndani bila maji.

3. Katikati ya Juni, wekeni makundi yote pamoja hapo Kyela karibu na dirisha, na kuyamwagilia kwa kipimo kimoja.

4. Kila siku ya tatu pimeni urefu wa kikonyo, na andikeni siku ambayo ua la kwanza linafunuka. Tazamieni maua wakati wa kipupwe, Julai au Agosti.

Kundi B likilitangulia A, ukavu una kazi. C likilitangulia B, ubaridi nao una kazi. Yakilingana yote, andikeni hivyo hivyo. Tena, matunguu manne ni machache. Rudieni mwaka wa pili kabla ya kutoa hukumu.

Tahadhari

Msiweke matunguu yaliyolala karibu na ndizi zinazoiva. Ndizi hutoa gesi ya ethilini, ambayo yaweza kuua chipukizi cha ua. Aidha, amarilisi ina sumu iitwayo likorini: haliwi, na mikono ioshwe baada ya kuishika.

Tumieni matunguu ya bustani tu. Huko Kitulo, okidi nyingi nazo hulala ardhini kwa viazi wakati wa kiangazi, na kuchanua wakati wa mvua. Viazi hivyo vimechimbwa kwa wingi na kuuzwa Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Uwanda huo ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Anayechimba kiazi kilicholala hachukui akiba isiyo na mwenyewe. Anauchukua mmea wenyewe pamoja na maua ya mvua zijazo.

Maswali

1. Kwa nini majani ya amarilisi yasikatwe yakiwa mabichi?
2. Kundi A lina kazi gani katika jaribio hili?
3. Katika nyanda zetu za juu, ukavu na ubaridi huja pamoja. Eleza kwa nini kutazama tu hakutoshi kujua ni kipi kinachouandaa mmea.