Somo juu ya Madini katika Udongo, katika Chakula na katika Mwili

Siku moja mgeni anafika kijijini na vikopo. Anachota udongo wa bustani, anautia katika mfuko mdogo, anaandika namba. Anachuma majani ya lengalenga. Kisha anaomba mkojo wa baba, wa mama na wa mtoto. Akiisha kupata, anapanda gari, anakwenda zake. Hapo maneno yanaanza. Huyu anasema: «Mkojo wetu wanauuza Bulaya.» Yule anakumbusha habari za mutumbula, ambazo wazee wetu waliziogopa sana zamani. Mwingine anacheka tu, anarudi shambani.

Ninyi watu wa vijiji vya Kambove, somo hili ni la kueleza kazi ya mgeni huyo. Anatafuta nini? Amekwisha kuona nini? Na sisi tunaolima karibu na machimbo tufanye nini?

Kwanza jueni kwamba uchunguzi si kitu kigeni kwetu. Tazameni vilima vya shaba. Juu yake miti haioti. Panaota majani mafupi na maua tu. Mojawapo la maua hayo wenye elimu wanaliita Haumaniastrum katangense. Sisi tuliite ua la shaba. Wazee waliofua misalaba midogo ya shaba hawakuwa na mashine ya kupima mawe. Walitazama kilima kisicho na miti, wakatazama mimea yake na jiwe la kijani, wakajua pa kuchimba. Ua hilo linaota hata mahali walipoyeyusha shaba zamani za kale. Wachunguzi wa mambo ya kale wamechimba chini yake, wakakuta mabaki ya matanuru.

Ua hilo linatufundisha neno kubwa: mmea unakunywa kile kilichomo katika udongo. Ua la shaba limezoea udongo wa namna ile. Lengalenga, sombe na matembele havikuzoea, lakini navyo vinakunywa. Nasi tunakula majani yake.

Sasa tuseme habari za kobalti. Ni madini ya rafiki wa shaba. Mara nyingi hukaa pamoja katika jiwe moja, na jiwe lake jeusi watu wa Kambove wanalijua vizuri. Siku hizi dunia inaitaka sana kwa ajili ya betri za simu na za magari, na zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia inatoka katika Kongo yetu. Je, kobalti ni sumu? Si neno la kujibu ndiyo au hapana. Mwili unahitaji kobalti kidogo sana, kwa maana imo ndani ya vitamini moja inayosaidia kutengeneza damu. Ikizidi, inadhuru. Katika mji wa Quebec, huko Kanada, mwaka wa 1965 na 1966, kiwanda cha bia kilitia kobalti katika bia ili povu likae juu ya glasi. Watu waliokunywa bia nyingi kila siku wakaugua moyo, na wengine wakafa. Hao walikunywa pombe nyingi na kula vibaya, ndiyo sababu madini yaliwashinda upesi. Basi msiseme kila anayekula lengalenga ya Kambove atakufa hivyo. Lakini waganga walijifunza hapo kwamba kobalti nyingi inaweza kugusa moyo. Tena inaweza kugusa tezi ya shingo.

Je, mkojo unasema nini? Kobalti iliyoingia mwilini hutoka kwa sehemu kubwa pamoja na mkojo. Kwa hiyo anayepima mkojo anajua ni kiasi gani kimeingia siku zile, bila kumkata mtu. Ndiyo bei ya mkojo wa mtoto: ni barua iliyoandikwa na mwili wake.

Lakini barua moja haitoshi. Sisi wamonitere tunajua jambo hili kwa mahindi. Mkulima akitia samadi katika shamba lote akavuna vizuri, hawezi kusema: «Ni samadi.» Labda ilikuwa mvua. Lazima aache matuta mengine bila samadi, kwa mbegu ile ile na siku ile ile ya kupanda, halafu alinganishe. Wachunguzi wa mwili wanafanya vivyo hivyo. Ndiyo sababu wanaomba mkojo hata kwa watu wanaokaa mbali na machimbo, ambao hawana lawama yoyote juu ya madini. Watu wale ni tuta lisilo na samadi.

Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Université ya Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Université ya Leuven katika Ubelgiji, akina Benoit Nemery, walifanya kazi hiyo kusini ya Katanga. Walipima mkojo wa watu 351, wakaandika matokeo mwaka wa 2009. Waliwagawa watu kwa umbali: wanaokaa chini ya kilometa 3 kutoka machimbo au viwanda, wanaokaa kati ya kilometa 3 na 10, na wanaokaa mbali kabisa. Walio karibu zaidi walikuwa na kobalti nyingi zaidi. Waliona pia madini mengine, kama risasi na uraniumu. Na juu ya kobalti waliandika kwamba kiasi hicho kilikuwa kikubwa kuliko kilichopata kuandikwa mahali popote duniani kwa watu wa kawaida, yaani si wafanyakazi wa kiwanda. Kati yao walikuwamo watoto ambao hawajashika sululu hata siku moja.

Mtu atauliza: kama hawachimbi, madini yanaingia kwa njia gani? Wachunguzi nao waliuliza hivyo. Walipima maji ya kunywa, mboga, unga, samaki na vumbi la nyumba. Mwaka wa 2014 wakaeleza: kwa mtu mzima njia kubwa ni chakula kinacholimwa papo hapo, na maji ya kunywa yalileta sehemu ndogo tu. Kwa mtoto, vumbi linaongeza sana, maana mtoto hucheza chini, hutia vidole kinywani, na mwili wake ni mdogo.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa kuwa nasikia watu wengi wakisema: «Maji yetu ni meupe, basi hatuna shida.» Kumbe mlango mkubwa si mtungi wa maji, ni sufuria ya mboga. Wala msiamini macho tu. Maji meupe yanaweza kuwa na madini, na lengalenga nzuri ya kijani inaweza kuwa nayo vilevile. Samaki pia. Katika ziwa Tshangalele, lile lililofanywa na ukuta wa Mwadingusha juu ya mto Lufira, maji ya mito inayopita penye viwanda vya Likasi yanaingia. Wachunguzi walipima samaki wa ziwa hilo na mwaka wa 2016 wakaandika kwamba madini yamo katika nyama yao. Samaki wale walionekana wazima sokoni kama samaki wengine.

Habari ya Kasulo ni nzito kuliko hizo. Kasulo ni mtaa wa mji wa Kolwezi. Mwaka wa 2014 watu waliona kobalti chini ya nyumba zao, wakaanza kuchimba uani na hata ndani ya vyumba. Wachunguzi wale wale walipima watu 72 wa Kasulo, na kati yao watoto 32, wakawalinganisha na watu 25 wa mtaa wa jirani usio na mashimo. Matokeo yalitoka mwaka wa 2018. Kobalti ilikuwa nyingi zaidi kwa watu wa Kasulo, na watoto ndio waliozidi. Tena katika mkojo wa watoto waliona alama za kuharibika kwa ile mbegu ndogo iliyo ndani ya kila chembe ya mwili, inayobeba urithi wa baba na mama. Alama si ugonjwa. Ni kama jani la mahindi linaloanza kuwa njano: mkulima mwenye akili hangoji mmea ulale chini.

Mwaka wa 2020 yalitoka maandiko mengine, juu ya watoto waliozaliwa Lubumbashi wakiwa na kilema kinachoonekana kwa macho. Watoto 138 wenye kilema walilinganishwa na 108 wasio nacho. Jambo lililotokea mbele kuliko mengine ni kazi ya baba: baba akifanya kazi ya machimbo, hatari ya kilema ilikuwa kubwa zaidi, kama mara tano na nusu. Hesabu hiyo ni ya watu wachache, kwa hiyo wachunguzi wenyewe wanasema yaweza kuwa ndogo zaidi ya hapo au kubwa zaidi. Wala hawakuonyesha ni kwa njia gani kazi ya baba inamfikia mtoto. Kobalti katika mwili wa mama haikupatikana kuwa tofauti waziwazi kati ya mafungu mawili yale.

Nawaomba wakubwa wa jamaa wasome maneno hayo mara mbili. Kijijini mtoto akizaliwa na kilema, nani anaitwa kuulizwa? Ni mama. Wanasema alivunja mwiko, ama ukoo wake una laana, na pengine anarudishwa kwao. Uchunguzi huu haukumkuta mama na neno. Mwanamume anayemfukuza mke wake kwa sababu hiyo, huku nguo zake za kuchimbia zimetundikwa juu ya kitanda, angetazama kwanza nguo zile.

Basi nyumbani tufanye nini? Anayetoka machimboni avue nguo zake nje, aoge, ndipo ambebe mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake. Mfuko uliobeba mawe usitiwe unga kamwe, hata ukifuliwa mara kumi. Mawe yasilale ndani ya nyumba wala yasitwangwe katika kinu cha sombe. Mama anyunyize maji kidogo kabla ya kufagia, vumbi lisipande juu. Mikono ya watoto ioshwe kwa sabuni kabla ya bukari. Mboga zioshwe mara mbili au tatu kwa maji safi, viazi na mihogo vimenywe. Kuosha kunaondoa vumbi la juu tu; madini yaliyonywewa na mizizi yanabaki ndani ya jani.

Kwa hiyo bustani yenyewe ndiyo dawa kubwa. Mboga za majani hupokea madini kupita punje za mahindi. Mahali pa karibu na lundo la takataka za machimbo, au pa kumwagilia kwa maji yanayotoka penye kuoshea mawe, pasipandwe lengalenga. Mboga za majani zipelekwe mbali, upande ambako upepo hauleti vumbi.

Asiye na mahali pengine asikate tamaa. Pale Lubumbashi, ambako shaba ya kwanza iliyeyushwa mwaka wa 1911, moshi wa kiwanda uliua mimea upande upepo unakokwenda, ardhi ikabaki uchi. Wenye elimu ya kilimo wa Université ya Lubumbashi, kama Mylor Shutcha, pamoja na wenzao wa Ubelgiji walijaribu kupanda majani ya kienyeji katika udongo ule, sehemu nyingine na chokaa au mboji, sehemu nyingine bila kitu. Mwaka wa 2010 walieleza kwamba chokaa na mboji vilisaidia majani kushika. Sababu yake ni hii: udongo ukiwa mchachu, madini yanayeyuka upesi na mizizi inayanywa. Chokaa hupunguza uchachu, na mboji hushika madini yasiende. Hayaondoki katika udongo. Yamefungwa tu, kwa hiyo kazi hii hurudiwa.

Chokaa hatuko mbali nayo, mawe yake yanachimbwa Kakontwe, karibu na Likasi. Majivu ya kuni nayo hupunguza uchachu, ijapokuwa nguvu yake ni ndogo. Jaribuni kwanza katika nusu ya tuta, nusu nyingine ibaki kama ilivyo. Na mgeni wa vikopo akirudi, mwambieni apime majani ya nusu zote mbili, tena aandike siku atakayoleta majibu. Yeye lazima aeleze kazi yake kabla ya kuchukua kitu, na mtu asiyetaka kutoa mkojo ana ruhusa ya kukataa.

Chokaa imwagwe mwisho wa kiangazi, mbele ya mvua za kwanza, ichanganywe vizuri na udongo kwa jembe, ikae majuma matatu kabla ya kupanda. Samadi mbichi isitiwe siku moja na chokaa, maana nguvu yake itapotea hewani. Mboji iliyooza itiwe baadaye, karibu na kupanda. Anayemwaga chokaa iliyochomwa asimame upande upepo unakotoka, afunike kinywa na macho, kwa sababu inaunguza.