Somo la 12: Jokofu Lisilopoza

Tulijifunza kwamba joto husafiri kutoka mahali penye joto jingi kwenda mahali penye joto kidogo. Jokofu, kwa kutumia nguvu za umeme, huhamisha joto kinyume cha kawaida hiyo: hulitoa ndani na kulipeleka nje. Jokofu haliingizi baridi, bali huondoa joto.

Jaribio la 1
Lowesha mgongo wa mkono wako kwa maji, kisha upulizie. Unahisi nini? Maji yanapogeuka kuwa mvuke huchukua joto la ngozi yako.

Ndani ya mabomba ya jokofu mna kimiminika ambacho hugeuka kuwa gesi kwa urahisi. Kinapogeuka, huchukua joto la vyakula. Kisha pampu iitwayo kompresa huikandamiza gesi hiyo na kuisukuma katika mabomba yaliyo nyuma au ubavuni mwa jokofu. Hapo gesi hutoa joto lake na kuwa kimiminika tena.

Jokofu la nyumbani hutakiwa kuwa na joto la kati ya nyuzi 0 na nyuzi 5 za Selsiasi. Katika hali hiyo vijidudu vingi huzaliana polepole. Joto likizidi, maziwa huchacha na nyama huoza. Hatari kubwa zaidi ni chakula chenye vijidudu vya maradhi ambacho harufu na ladha yake havijabadilika. Anayekila huweza kuhara na kutapika.

Kasoro na sababu zake

1. Jokofu halingurumi na taa yake haiwaki. Huenda umeme umekatika, swichi imezimwa au plagi haikuingia vizuri. Umeme ukikatika, usifungue mlango ovyo. Jokofu lililofungwa huhifadhi ubaridi kwa muda wa saa 4 hivi.

2. Jokofu linanguruma lakini halipozi. Huenda chakula kimeingizwa kikiwa cha moto, au mlango haufungi sawasawa. Katika hali zote mbili joto huingia kwa wingi. Huenda pia mabomba ya nyuma yamejaa vumbi, au jokofu limebanwa ukutani. Hapo joto hukosa njia ya kutoka.

3. Barafu nene imeganda ndani. Hewa yenye unyevu imeingia mara nyingi. Barafu hiyo huzuia joto la vyakula lisiyafikie mabomba. Zima jokofu, uache barafu iyeyuke yenyewe. Usiikwangue kwa kisu, kwani bomba likitoboka gesi yote itatoka.

4. Maji yametuama chini ya vyakula. Kwa kawaida tundu dogo lililo nyuma, ndani ya jokofu, limeziba. Mtu mzima alizibue kwa maji ya vuguvugu baada ya kuchomoa plagi.

Jaribio la 2
Weka kipande cha karatasi kati ya mlango na jokofu, kisha funga mlango. Vuta karatasi polepole. Ikitoka bila kukazwa, mpira wa mlango ni mchafu au umechakaa. Rudia jaribio pande zote za mlango. Mpira mchafu uoshwe kwa maji na sabuni, na uliochakaa ubadilishwe.

Tahadhari
Umeme huua. Usiguse plagi kwa mikono yenye maji, wala usifungue kompresa au nyaya. Plagi ikiwa ya moto, ukiona cheche, au ukihisi umeme unapogusa jokofu, usiliguse tena. Mwite mtu mzima azime umeme kwenye swichi kuu, kisha aitwe fundi.

Maswali
1. Kwa nini mabomba ya nyuma ya jokofu huwa na joto?
2. Mama amepika mchuzi jioni. Kwa nini auache upoe kidogo kabla ya kuuweka katika jokofu?
3. Eleza jinsi vumbi linavyoweza kusababisha maziwa kuchacha.
4. Mtu mmoja aliacha mlango wa jokofu wazi usiku kucha ili chumba chake kipoe. Je, chumba kilipoa? Toa sababu.