WATU WA KASKAZINI WALIKWENDA WAPI WALIPOKUFA?

Muhula huu tulisoma habari za Waviking, watu wa zamani wa Norwe, Denmaki na Uswidi. Mimi nilisema darasani kwamba wote walipokufa walikwenda Valhalla. Mwalimu akaniuliza, "Na bibi kizee aliyefia kitandani je?" Nilinyamaza, maana nilimkumbuka bibi yangu, aliyefariki hivyo likizo iliyopita. Basi nikaingia maktaba.

Valhalla ni jumba la mungu Odin. Waliouawa vitani walipigana huko kila siku, na jioni wakakaa pamoja kula nyama ya nguruwe. Lakini hawakuitwa kustarehe: Odin alikuwa akikusanya jeshi la vita vya mwisho, viitwavyo Ragnarok. Tena nusu ya mashujaa walichukuliwa na Freyja, mungu wa kike.

Waliokufa kwa maradhi au uzee walishuka kwa Hel, binti Loki. Snorri Sturluson wa Aislandi, aliyeandika yapata mwaka 1220, asema sahani ya Hel yaitwa Njaa. Lakini Snorri alikuwa Mkristo, na nchi yake ilikuwa imepokea Ukristo miaka mia mbili kabla yake; kwa hiyo tumsome kwa hadhari. Yeye mwenyewe asimulia kwamba Baldr, mungu mwema, alipokufa alikwenda huko huko, akakalishwa mahali pa heshima. Kumbe kwa Hel si jela ya waovu tu.

Wengine walisema waliozama hunaswa na wavu wa Ran, mungu wa kike wa bahari. Walakini yako masimulizi ya Aislandi juu ya mchungaji aliyeona kilima cha Helgafell kimefunguka usiku, mioto inawaka ndani, na Thorstein anakaribishwa aketi kuelekeana na baba yake. Kesho yake ikaja habari kwamba Thorstein amezama akivua samaki.

Basi hawakuwa na imani moja. Na bibi kizee? Mwaka 1904, huko Oseberg, Norwe, ilifukuliwa merikebu iliyozikwa mwaka 834. Ndani yake walikuwamo wanawake wawili, mmoja mzee sana, pamoja na vitanda, gari la kukokotwa na vyombo vya kupikia. Waliomzika hawakumpa silaha. Walimpa vitu vya nyumbani, kama mtu anayetazamiwa kufika.

Hilo ndilo jibu nililompelekea mwalimu.