Lori Linakata Nguvu Mlimani

*Ndugu fundi, Fuso langu lenye tabo hubeba mchele kutoka Kilosa, kupitia Mikumi, hadi Iringa. Asubuhi haliwaki mpaka nipige pampu ya mkono, na likipanda mlima Kitonga na mzigo linakata nguvu. Je, pampu imekufa?*
*Dereva, Kilosa*

Ndugu dereva, usikimbilie kununua pampu. Gari linalotaka kupigwa pampu kila asubuhi mara nyingi linavuta hewa: mpira kati ya tanki na pampu umechanika, au klipu imelegea. Huenda usione tone chini, kwa kuwa upande huo hunyonya.

Anza na yaliyo rahisi. Fungua mfuniko wa tanki. Ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu, tundu la kupumulia limeziba. Badilisha filta ya dizeli. Kisha unganisha kwa muda kipande cha mpira mwangavu kabla ya pampu. Ukiona mapovu injini ikinguruma, badilisha mipira yote ya upande huo. Tumia mpira wa dizeli wenye kipenyo kilekile, si wa maji. Ufunge kwa klipu, si waya. Toa hewa, ndipo uwashe.

Usilegeze mabomba ya chuma ya nozeli injini ikiwaka. Dizeli yenye shinikizo kubwa hupenya ngozi. Tatizo likibaki, mwone fundi wa pampu. Moshi mweusi ukizidi, akague pia mipira ya hewa ya tabo. Fanya hivyo kabla ya kurudi Kitonga: lori likizimika kwenye kona zile, wengi huwa hatarini.